Sista wa Wadi ya Samaki

Kwa Sista, kila samaki mgeni alikuwa mgonjwa mpaka mwenyewe athibitishe kuwa ni mzima, na uthibitisho huo ulichukua wiki nne bila kupunguzwa hata siku moja. Binadamu aliwapa nafasi kidogo zaidi, lakini si sana. Alikuwa ameuguza watu kwa miaka mingi, kwanza pwani, halafu hapa Machakos, na alipofika wakati wa kustaafu alibadilisha tu aina ya wagonjwa. Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine wangeweka kabati la vyombo na picha ya harusi, kulikuwa na matangi manne ya kioo yenye maji ya chumvi, yamepangwa kando ya ukuta kama vitanda. Kila tangi lilibandikwa karatasi kwa selotepu: joto, chumvi, dawa, chakula, choo. Naam, choo. Aliandika samaki ameenda choo mara ngapi na cha rangi gani.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Padri alimwita Sista, muuza mboga alimwita Sista, hata dada yake wa Kathiani nimemsikia kwa masikio yangu akimwita Sista. Nami sitaanza leo kumvunjia heshima.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo hapa mjini, karibu na soko, na tangi la samaki wa bahari nililirithi kutoka kwa familia moja ya Syokimau iliyokuwa inahama nchi. Waliniambia maji yale yangewatuliza wateja. Hawakuwajua wateja wa Machakos. Swali la kwanza la kila aliyeingia lilikuwa, "Na hizi zinaliwa?" Nikisema hapana, walikaa wakiwatazama samaki kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa mbuzi wa plastiki.

Sista yeye hakuuliza kama wanaliwa. Siku hiyo alikuwa mteja mpya, amekaa chini ya drayeri na rola kichwa kizima, nami nilidhani amesinzia.

"Mwiitu," akaniita, maana kwetu mwanamke wa umri wake hukuita binti, "hii samaki yako ya buluu inajikuna."

"Inacheza, Sista."

"Inacheza na mawe? Wewe ukiwashwa mgongo unachezanga na ukuta?"

Akainuka na rola zake, akatoa tochi kwenye mkoba, akapiga magoti mbele ya tangi. Mteja aliyekuwa anasubiri akashika simu apige picha, akaangaliwa mara moja tu, akairudisha simu mfukoni. "Kuja uone. Hapa kwa pezi. Si ni kama mtu amemmwagia chumvi?" Nikaona. Vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, vimemjaa mapezini na ubavuni. Nilikuwa nimevitazama wiki nzima nikidhani ni urembo wake.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa ugonjwa wa madoa meupe, nikiwa nimeshika kitana. Ule ni mdudu, akasema. Anajichimbia chini ya ngozi ya samaki, anakula, ananenepa, na baada ya siku chache anaanguka mchangani. Huko anajifungia na kuzaa watoto wengi, nao wakitoka wanaanza kumtafuta samaki tena. Kwa hiyo kuna siku ambazo madoa yote hupotea na samaki huonekana amepona kabisa. Siku hizo Sista alizichukia kuliko siku za ugonjwa wenyewe.

"Hapo ndio watu husimama kanisani kutoa ushuhuda," alisema. "Na mdudu yuko chini anajifungua."

Dawa yake ilianza na kuwatoa samaki wote. Tangi langu lilitakiwa kukaa bila samaki hata mmoja kwa wiki kumi, ili wale wadudu wakianguliwa wakose wa kumla wafe njaa. Samaki nao walilazwa kwake. Kila baada ya siku tatu aliwahamisha kutoka beseni moja kwenda lingine safi lenye maji mapya, akiwakimbia wale wadudu walioanguka kabla watoto wao hawajaanguliwa. Beseni lililotoka wagonjwa alilisugua, akalianika juani mpaka likauke kau. Kwa wiki kumi nilisuka watu mbele ya tangi lenye mawe na konokono peke yake. Walioniuliza niliwaambia samaki wameenda likizo. Mmoja aliniombea.

Baada ya wiki kumi walirudi wakiwa wazima, wanene, na wenye tabia nzuri kuliko mwenye saluni. Tangu siku hiyo Sista hakulipa tena kutengenezwa nywele, na mimi sikupumua tena bila ruhusa yake.

Alikuwa na sheria. Anayetia mkono majini anawe kwa maji matupu hadi kiwiko, bila sabuni, bila mafuta. Spreyi ya nywele ilipigwa marufuku upande wote wa kushoto wa saluni yangu, na drayeri mbili zikahamishwa. Nyumbani kwake wagonjwa walitazamwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, akiwa amevaa viatu vyeupe vya raba, na wageni waliruhusiwa kuanzia saa nane hadi saa kumi. Niliwahi kufika saa tano na embe za Kathiani. Akazipokea dirishani.

Samaki hakuwapa majina. Waliitwa kwa vitanda: Kitanda cha Kwanza, Kitanda cha Pili. Yule wangu wa buluu, ambaye watu wa pwani humwita kangaja, alikuwa Kitanda cha Tatu hata alipokuwa kwake mwenyewe, mzima, hajalazwa popote. Nilimuuliza kwa nini asimwite hata Kamene.

"Ukimpa jina utamwonea huruma," akajibu. "Ukimwonea huruma utamkatia dawa katikati."

Maji yalikuwa vita yake ya kila siku. Ya mfereji hayakuaminika, ya mkokoteni hayakujulikana yametoka wapi, basi alikinga ya mvua. Mvua ya Novemba ikianza, majirani hufikiria maharagwe. Sista alifikiria samaki. Alisafisha paa, akaacha mvua ya kwanza ipite, akajaza mapipa, na ndani ya maji hayo akachanganya ile chumvi maalum ya bahari inayoletwa kwa ndoo kutoka Nairobi, akipima na kuonja kwa ncha ya ulimi, ingawa kipimo alikuwa nacho. Mwezi wa Julai, baridi ya Machakos inapouma na stima kupotea, aliweka chupa za maji moto zielee ndani ya matangi, akaketi akikoroga kwa kikombe ili samaki wapate hewa, huku amejifunika blanketi na kuisema kampuni ya stima kwa Kikamba.

Kuna jamaa mmoja wa Syokimau ambaye Sista alimtibia samaki kwa simu, na nadhani ndiye aliyemzeesha. Jamaa huyu alijaza tangi lake maji ya kisima cha mtaani kwao. "Sista, maji yetu ya borehole iko na chumvi tayari," akasema kwa furaha. "Si ni bahari tu?"

"Hiyo chumvi ni ya kuharibu meno na birika," Sista akamwambia. "Mwaga yote."

Akamwaga. Muda si mrefu samaki wakashikwa na madoa, na jamaa akasikia mahali kwamba shaba huua mdudu yule. Kweli, dawa ya shaba ipo, ya matone, na Sista aliitumia ndani ya tangi la wagonjwa peke yake, akiipima kila asubuhi. Jamaa yeye alichuna nyaya za stima, akazikunja vizuri, akazitumbukiza kwenye tangi lake la nyumbani, lenye konokono na kamba. Viumbe vyote visivyo na mfupa vikafa. Sista alipoelezwa alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akamwita mjinga kwa lugha tatu, na kesho yake asubuhi alikuwa stendi na ndoo mbili zenye vifuniko, anakwenda Syokimau kuwaokoa waliobaki. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini miguu ilishafika kwa mgonjwa kabla mdomo haujamaliza kusema.

Alikuwa na mambo yasiyoelewana, na nilipenda kumchokoza kwayo. Ijumaa alikula tilapia wa kukaanga, na sima, sebuleni mle mle. Alichofanya ni kugeuza kiti ili awape matangi mgongo. "Ni heshima," alisema, akinyonya mfupa. Alilazimisha kila kiumbe kumaliza dawa, na vidonge vyake vya presha alivimeza siku alizokumbuka. Kama jirani akikohoa mara mbili alimtuma kliniki. Yeye mwenyewe hakuna aliyemtuma popote.

Sasa nifike kwenye macho, maana bila macho Sista hakuwa Sista. Kazi yote ile ni kuona: punje nyeupe juu ya samaki asiyetulia, na rangi ya maji ndani ya kichupa cha kupimia shaba, iwe buluu kiasi hiki na si kiasi kile. Nilianza kuona anasogeza kichupa dirishani, halafu anatoka nacho nje kabisa. Nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Nikamuuliza, akasema miwani imechakaa. Dada yake ndiye aliyeniambia kwamba daktari wa macho alishamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ni wa muda mfupi tu. Sista alikataa.

"Nimeona watu wakipasuliwa," alinijibu nilipothubutu kuuliza. "Mimi si wa kupasuliwa. Mimi ni wa kushikilia taa."

Mwaka jana ugonjwa ulirudi saluni, kwa kosa langu. Niliweka majini, pamoja na kangaja aliyekuwa amebaki peke yake, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, wazuri mno, bila kuwapitisha wadi ya Sista kwanza. Sista alinigombeza wiki nzima, akawachukua wote watatu, na tangi langu likaanza wiki kumi nyingine za likizo. Safari hii mgongo wake haukutaka tena kuinua mabeseni, akatumia dawa ya shaba. Aliipima mwenyewe kila asubuhi, kwa macho yale yale.

Siku ya kuwarudisha alifika saluni na ndoo, amevaa nguo ya kanisani. Saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimewaahidi wateja, na wote walikusanyika kuona.

"Kitanda cha Tatu amepona," Sista akatangaza. "Doa hata moja hana. Angalia, Mama Mueni," akaniambia.

Nikainama juu ya ndoo. Kangaja alikuwa na madoa kumi au zaidi upande mmoja peke yake. Yalikuwa wazi, hata mtoto angeyaona. Niliinua uso nikakuta Sista ananitazama, akitabasamu, anasubiri. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake tisa walioambiwa na mimi mwenyewe kwamba mama huyu hakosei. Mimi nimelelewa nisimbishie mwanamke wa rika la mama yangu mbele ya watu. Tena niliogopa, kwa sababu nilijua kwamba nikisema yapo, sitakuwa nazungumzia samaki.

"Ndiyo, Sista," nikasema. "Ameisha madoa."

Akawamimina. Wateja wakapiga makofi.

Haikupita wiki mbili na wote watatu walikuwa weupe, wanajikuna kwenye mawe na kuhema juu ya maji. Wiki kumi zikawa bure. Sista alipita saluni mara mbili katika siku hizo, akainama, akasema wako sawa, wanazoea tu. Mimi nikasema ndiyo tena. Nilikuwa nikilala vibaya. Nikimwacha aendelee hivyo, samaki wangekufa, na siku moja angesikia ukweli kwa mtu asiyempenda, na wadi yake ingekwisha kwa aibu. Yeye aliyekuwa na uwezo wa kumfufua samaki wa Syokimau aliyelala ubavu.

Nikafunga saluni asubuhi ya Jumanne, nikaenda kwake saa tano, nje kabisa ya saa za wageni. Alinifungulia bila kunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Sista, siku ile ya ndoo, madoa yalikuwa."

Alikuwa anakausha beseni. Hakuacha. "Mangapi?"

"Kumi. Labda kumi na tano."

"Na ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna."

"Kwa nini?"

"Nilikuheshimu, Sista."

Akaliweka beseni chini. "Wadini kwangu nesi akiandika joto ambalo hajapima, alikuwa anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Hata kama ameliandika kwa heshima." Akaenda dirishani, kisha akaingia chumbani, na mimi nikalia, tena kwa sauti, kama mtoto. Hakunibembeleza. Aliporudi alikuwa amevaa vile viatu vyeupe. "Kilio utamalizia jioni. Sasa leta samaki. Wewe uwe macho, mimi niwe kichwa."

Tukafanya kazi kwa mabeseni, ile njia ya zamani. Mimi niliinua, mimi niliangalia, mimi nilihesabu kwa sauti na kuandika kwenye karatasi. Yeye aliketi kitini na kuamrisha. "Pezi la kulia? Mkia? Anapumua vipi? Usiniambie vizuri, hesabu!" Siku ya tano Kitanda cha Kwanza, mmoja wa wale wadogo wa chungwa, alikufa. Nilimwambia mara moja, bila kumung'unya maneno. Sista akamshika kiganjani, akampapasa kwa kidole kimoja.

"Huyu ameuawa na macho yangu na mdomo wako," akasema.

Wale wawili wakapona, mara hii kweli. Nilimwambia Sista tununue mwingine wa kujaza nafasi. Akakataa kata kata. Kitanda cha Kwanza kitakaa kitupu, akasema, mpaka wadi iwe na watu wa kuaminika. Hakusema ni yupi kati yetu aliyekuwa anamngojea.

Basi nikamjibu kwa mdomo wangu ule ule ulioua. "Mimi macho yangu siazimi tena, Sista. Nenda ukapasuliwe. La sivyo hii wadi tuifunge, na samaki nitaita yule jamaa wa Syokimau aje awatunze."

"Aiya!" akasema. "Na nyaya zake?"

"Na nyaya zake."

Akaenda. Nilimsindikiza, na nimeona mengi maishani, lakini sijaona mgonjwa anayemkagua daktari kucha kabla ya kupanda kitandani. Jicho la kwanza, halafu la pili baada ya wiki kadhaa. Kisha dada yake akamchukua Kathiani apumzike, mbali na ndoo, na kwa miezi mitatu nilimsikia kwa simu tu. Alikuwa akipiga saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kuulizia joto na chumvi. Kuhusu macho yake alisema, "Yanaendelea," wala hakuongeza neno.

Juma lililopita mlango wa saluni ukafunguliwa na Sista akaingia, bila miwani, na kikapu cha parachichi. Sikutarajia. Saluni ilikuwa na wateja wanne. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama mikono nyuma, kama anavyosimama mkaguzi. Akatazama kwa muda ambao nilimaliza kusuka mstari mzima na kuufumua kwa sababu niliukosea.

"Mama Mueni, kuja," akasema, akinyoosha kidole. "Kitanda cha Tatu ako na doa. Moja. Pale chini ya pezi la kushoto."

Nikaacha kitana, nikaenda, nikapiga magoti. Kangaja alikuwa anazunguka jiwe, akanipa ubavu wa kushoto, akageuka, akanipa tena. Niliangalia pezi, chini ya pezi, mkia, shavu. Sista alikuwa amesimama juu yangu na macho yake mapya, naye alikuwa ameona madoa ya maelfu ya samaki kabla mimi sijajua samaki huumwa.

Nikaangalia mara ya tatu.

"Hapana, Sista," nikasema. "Hakuna doa. Yuko safi."

"Una uhakika? Mimi nimesema iko."

"Umesema iko, lakini haiko."

Akaninyooshea mkono, akaniinua kutoka sakafuni, na ndipo nikaona anacheka.

"Ni nesa," akasema. Ni vyema. "Najua haiko. Sasa nunua wa Kitanda cha Kwanza, tumlaze."